Majengo ya Kale Yapimwe Kabla Hayajaanguka



Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya uso wa Beit al-Ajaib, jumba lililotazama bahari ya Forodhani mjini Unguja kwa zaidi ya karne moja, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Kazi ya ukarabati ilikuwa ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Lilistahimili mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja, ingawa jirani yake, Beit al-Hukm, iliharibiwa vibaya isiweze kutumika tena. Mnara wa saa wenyewe uliwekwa usoni pa jumba baada ya vita hivyo. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilikuwa kimekwisha anguka. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba jumba hilo lilianguka bila ya kutoa habari.

Baada ya msiba wa namna hiyo maswali mawili huulizwa. La kwanza ni nani mwenye kosa, na swali hilo lina mahali pake na vyombo vyake. La pili ndilo linalohusu mazungumzo haya, nalo ni hili: kilichoanguka kilikuwa kitu gani hasa? Nguzo za chuma zilikuwa ngapi, zenye unene gani, zikiwa zimeachana kwa umbali gani? Sakafu ya roshani ilikuwa na kina gani, nayo ilishikwa na ukuta kwa njia gani? Mnara ulielemea wapi? Picha za jumba hilo zimo katika maelfu ya majumba duniani, maana hapana mgeni aliyefika Unguja akaondoka bila ya kulipiga picha. Lakini picha ya mgeni haisemi unene wa ukuta. Haionyeshi kilichomo ndani ya sakafu. Inampendeza mwenye nayo, na hapo ndipo kazi yake inapokoma.

Wako watu wanaodhani kwamba kupima na kuandika habari za majengo ya kale ni kazi ya anasa, ya kufanywa na wageni wenye nafasi, na kwamba Taifa lenye upungufu wa madarasa na zahanati halina haja ya kuhesabu nyufa katika nyumba za masultani na matajiri waliokwisha kufa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Anayeitoa aghalabu ni mtu mwenye kuona mbele yake watoto wanaokaa chini. Hata hivyo hoja yenyewe ina kasoro mbili. Kwanza, majengo mengi ya kale si magofu. Yanakaliwa na watu, tena wengi wao ni watu wa kipato kidogo, na dari ikiporomoka haimwangukii sultani. Pili, kupima ndiyo sehemu ya kazi ya hifadhi yenye gharama ndogo kuliko zote. Kukarabati nyumba moja ya ghorofa tatu huhitaji fedha nyingi, na mbao, na chokaa, na mafundi wa miezi mingi. Kuipima kunahitaji watu watatu, futikamba, timazi, ubao wa kuandikia, kalamu ya risasi na siku chache za uangalifu.

Yafaa kueleza kazi hiyo ilivyo, kwa kuwa wengi huisikia tu kwa jina.

Mpimaji anapofika kwenye nyumba ya Mji Mkongwe hapimi kwanza. Anapiga hodi. Nyumba ni maskani ya watu kabla haijawa urithi wa mtu yeyote, na ndani yake mna vyumba ambavyo mwanamume mgeni haingii bila ya ruhusa. Tena mpangaji anayemwona mtu na daftari na kamba mlangoni pake hufikiri mara moja kwamba anataka kuhamishwa, au kodi itapanda. Hofu hiyo ina sababu zake. Mpimaji asiyeieleza kazi yake kwa upole na kwa ukweli ataonyeshwa vyumba viwili na kuambiwa kwamba vingine vimefungwa na ufunguo umekwenda shamba. Mchoro wake utakuwa na madoa meupe, na doa jeupe huenda ndilo lililoficha ukuta mbovu.

Akisha kukaribishwa, anaizunguka nyumba yote, ghorofa kwa ghorofa, na kuichora kwa mkono bila ya kipimo. Mchoro huo wa kwanza ni wa kuelewa tu. Baada ya hapo ndipo futikamba inapotandazwa. Mpimaji mwenye uzoefu hapimi vipande vipande, yaani kutoka kona hadi mlango, kisha kutoka mlango hadi dirisha, kisha kutoka dirisha hadi kona. Kwa maana akikosea sentimita moja katika kila kipande, ukuta wenye vipande kumi waweza kumtupa nje kwa sentimita kumi. Huishika ncha ya futikamba kwenye kona moja, akaiacha hapo, na kusoma kila alama kwa mfululizo kutoka sifuri ile ile.

Kisha hupima vyumba mshazari, kutoka kona hadi kona ya pili. Mwalimu wa hesabu ataona sababu yake mara moja. Pande nne za chumba peke yake hazielezi umbo lake, kwa kuwa umbo la pande nne laweza kulala upande bila ya urefu wa pande zake kubadilika. Pembetatu haiwezi kufanya hivyo. Na vyumba vya Unguja, kama vya Lamu na Bagamoyo, mara nyingi havina kona za mraba, kwa sababu nyumba ilifuata kichochoro na kichochoro kilifuata nyumba zilizotangulia. Mtu anayechora chumba cha namna hiyo kwa kudhani kwamba kona zake ni za mraba amechora nyumba isiyokuwepo.

Upana wa vyumba nao una maneno yake. Dari za nyumba za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazipatikani kwa urefu wowote upendao. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vyaweza kuwa virefu sana, lakini upana wake kwa kawaida hauzidi kama mita 3. Mpimaji akikuta chumba chenye upana wa mita 5, hana budi kusimama na kuuliza: ni nini kinachobeba dari hii? Huenda ni chuma kilichokuja baadaye kwa meli. Huenda ni mbao za miti mingine. Au huenda palikuwa na ukuta katikati, na mtu akauvunja ili apate ukumbi wa duka, na tangu siku hiyo nyumba nzima inaning'inia. Kipimo kimoja tu ndicho kilicholeta swali hilo.

Vile vile unene wa kuta hupimwa kila penye mlango au dirisha, na jumla ya vipimo vya ndani hulinganishwa na kipimo cha nje. Ikiwa nje ni mita 14 na ndani, pamoja na kuta, ni mita 12 na nusu, basi ipo mita moja na nusu ambayo haijulikani ilipo. Yaweza kuwa ni ngazi iliyozibwa, au kisima, au choo cha zamani kilichojengewa. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hakujua.

Mpimaji akimaliza ramani ya kila sakafu huchora pia mkato, yaani nyumba inavyoonekana kama ingekatwa kwa kisu kutoka paa hadi msingi, na uso wa nyumba upande wa njia. Anaandika kuta zimejengwa kwa nini, na hapa pwani jibu huwa ni mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa. Anaandika lipu ni ya chokaa au ya saruji. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, nalo si dogo. Chokaa huiacha kuta ipumue, unyevu ukaingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huufungia unyevu ndani, na ukuta unaoonekana mzuri kwa lipu mpya huwa unaoza nyuma yake.

Kwani adui mkuu wa nyumba hizi ni maji. Paa likivuja, maji huingia kichwani mwa ukuta na kuishusha chokaa kidogo kidogo, mvua hata mvua. Ncha za boriti, ambazo zimefichwa ndani ya ukuta, huoza pasipo mtu kuziona. Ncha zikisha kuoza, sakafu haiushiki ukuta tena, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu tatu hubaki umesimama peke yake na huanza kuinama kuelekea njiani. Kwa hiyo katika fomu ya mpimaji, safu ya mabomba na michirizi ya paa ina thamani kuliko safu ya mlango wa nakshi. Mlango wa nakshi hupigwa picha mara elfu kwa mwaka. Bomba la maji machafu lililopasuka nyuma ya nyumba, ambalo ndilo litakaloiangusha pamoja na mlango wake, halipigwi hata mara moja.

Kila mtu huijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, lakini haisemi ufa huo ulionekana lini, wala ulikuwa na upana gani siku hiyo. Ufa ulio mpana waweza kuwa mzee uliolala, uliotokea nyumba ilipokuwa ikikaa juu ya msingi wake miaka 100 iliyopita, na tangu hapo haukusogea. Ufa mwembamba kama unywele waweza kuwa unatembea. Jicho haliwezi kuzitofautisha nyufa hizo mbili kwa kutazama mara moja. Njia ya zamani, na bado ni nzuri, ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, pande zote mbili, na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Njia nyepesi zaidi ni kuweka alama ya kalamu kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe pembeni, kisha kurudi baada ya masika. Hapana fundi wala mhandisi anayeweza kutoa shauri la kweli juu ya ufa usio na tarehe.

Katika Unguja kazi ya kuuhesabu mji nyumba kwa nyumba si ngeni. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na kaya nyingi, kila moja na jiko lake na maji yake, na kodi ndogo iliyolipwa haikutosha matengenezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ilikuwa imeharibika kiasi kwamba Serikali ya Mapinduzi, kwa msaada wa kituo cha Umoja wa Mataifa cha makazi, ilifanya uchunguzi wa Mji Mkongwe ulioanza mwaka 1982. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ulipimwa tena kwa ushirikiano na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Majengo yapatayo 1,700 yaliandikwa moja moja, na mpango wa hifadhi uliokamilika mwaka 1994 ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wengi hukumbuka mwaka 2000 na kusahau miaka iliyotangulia. Lakini bila ya zile karatasi za nyumba 1,700 pasingekuwa na cha kuingiza katika orodha yoyote, ila sifa. Na faida kubwa ya kazi hiyo haikuwa majumba ya kifalme, ambayo yalijulikana tayari. Faida ilikuwa ni nyumba za kawaida: nyumba za Kiarabu zenye ua katikati na baraza nje, na nyumba za Kihindi zenye duka mbele na maskani juu yake, na nyumba ambazo ni mchanganyiko wa hizo mbili na hazina jina. Mji haufanywi na majumba matano. Nyumba hizi zimeegemeana, ukuta mmoja ukihudumia nyumba mbili, na moja ikianguka huiacha ya jirani bila ya mhimili. Mtu aliyepima Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe peke yake hawezi kujua jambo hilo.

Tena uchunguzi huo ulifichua jambo ambalo kamba ya kupimia haiwezi kulionyesha, nalo ni umiliki. Nyumba ya Serikali, nyumba ya wakfu na nyumba ya mtu binafsi zaweza kusimama bega kwa bega, zenye umri mmoja na mawe ya namna moja, lakini zikaharibika kwa mwendo tofauti, kwa kuwa anayepaswa kupanda juu ya paa kabla ya masika si mmoja. Fomu isiyo na nafasi ya mwenye nyumba na mkaaji wa nyumba ni fomu nusu.

Upande wa Tanzania Bara mfano mkubwa uko Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba lake, Husuni Kubwa, lilijengwa juu ya genge linalotazama bahari. Neville Chittick aliyachimba na kuyachunguza magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1974. Kabla ya hapo, mwaka 1966, Peter Garlake, mtu aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuwa mchimbaji wa mambo ya kale, alichapisha kitabu cha majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki, kilichojaa ramani za misikiti, nyumba na makaburi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, na hazikutolewa humo mpaka mwaka 2014, baada ya kazi nyingi ya kuimarisha kuta na kuizuia bahari kwa mawe na mikoko.

Bahari ya Kilwa haikusubiri bajeti ya mtu. Imekula ukingo wa kisiwa, na ukuta uliokuwa ndani ya ukingo huo umekwenda nao. Mtaalamu anayetaka kujua ni kiasi gani kimeliwa hufungua ramani za zamani, huweka kipimo cha leo juu ya kile cha wakati ule, na kuona tofauti kwa mita. Watu waliochora ramani hizo walitaka tu kueleza umbo la msikiti na historia yake. Hawakujua kwamba walikuwa wakiandika pia kumbukumbu ya mwendo wa bahari. Hivyo ndivyo kipimo kilivyo: kikiwa sahihi, hutumika kwa jambo ambalo mpimaji hakulifikiria.

Huko Lamu, Usam Ghaidan, msanifu wa majengo aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya mji huo na nyumba zake. Jambo moja katika uchunguzi wa namna hiyo lapasa kuigwa na kila mwalimu wa Kiswahili: sehemu za nyumba huandikwa kwa majina zinazoitwa na wenyewe. Daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni; kiwanda ni ua wa ndani; kisha msana, kisha ndani, na ukutani zidaka za kuwekea vyombo. Mchoro ulioandika "chumba namba 4" mahali pa msana umepoteza kitu ambacho hakipimwi kwa futikamba, na mzee anayelijua jina hilo hatakuwapo siku zote.

Lakini je, karatasi zaweza kweli kuirudisha nyumba iliyokwisha anguka? Jibu lipo mbali na pwani yetu, katika mji wa Warsaw nchini Poland. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, walimu wa usanifu wa majengo katika chuo cha ufundi cha mji huo walikuwa wakiwatoa wanafunzi wao kwenda kupima nyumba za kale, kama zoezi la masomo. Mwaka 1944, baada ya wananchi wa Warsaw kuasi, majeshi ya Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yaliubomoa mji kwa makusudi, na mji wa kale ukabaki kifusi. Michoro ile, au sehemu yake kubwa, ilikuwa imetoroshwa na walimu na kufichwa katika nyumba ya watawa huko Piotrków. Vita vilipokwisha ndiyo iliyotumika kuujenga upya mji wa kale, na mwaka 1980 mji huo uliojengwa upya ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Kazi hiyo haikuanzishwa na jeshi wala wizara. Ilikuwa mazoezi ya wanafunzi yaliyosahihishwa na walimu wao.

Siku hizi viko vyombo vinavyopiga mwanga wa leza na kupima mamilioni ya alama kwa muda mfupi, na picha za kawaida nazo zaweza kuunganishwa na kompyuta zikatoa umbo kamili la jengo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika mradi uitwao Zamani, wamekwisha yapima magofu ya Kilwa kwa njia hizo. Ni maendeleo makubwa, na mwenye uwezo wa kupata chombo kama hicho asisite. Hata hivyo chombo huona ngozi ya nyumba tu. Hakioni ncha ya boriti iliyooza ndani ya ukuta. Hiyo hugunduliwa na fundi anayeigonga kwa nyundo na kusikiliza. Tena habari zilizomo katika kompyuta hutaka kutunzwa kuliko karatasi. Karatasi ya Garlake ya mwaka 1966 inasomeka hadi leo kwa macho. Diski ya miaka 25 iliyopita mara nyingi haina hata mashine ya kuisomea.

Sheria nayo isaidiwe na macho ya wananchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, hulinda upande wa Bara majengo yaliyojengwa kabla ya mstari wa mwaka uliowekwa, na humpa Waziri uwezo wa kutangaza mengine. Zanzibar ina sheria zake.  Boma la Kale la Dar es Salaam, jengo la wakati wa Sultani Majid, lilijengwa katika miaka ya 1866 na 1867. Maboma ya Wajerumani, vituo vya reli, shule na hospitali za kwanza, yote yako upande wa pili wa mstari. Jengo la namna hiyo haliwezi kulindwa mpaka litangazwe, na ombi la kulitangaza haliandikwi bila ya ramani, picha, umri na habari za mwenyewe. Pasipo mchoro, jengo hilo mbele ya sheria ni kiwanja tu chenye takataka za kuondoa.

Hapa ndipo mtumishi wa umma anapoingia. Katika stoo za ofisi nyingi za mikoa na wilaya zimo ramani za majengo ya Serikali, nyingine zimechorwa kwa wino juu ya kitambaa, zikiwa zimekunjwa nyuma ya makabati mabovu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi nyingi zilifungasha majalada yao, na kila ofisi inapohama kuna rundo linaloachwa nyuma ya mlango. Afisa mwenye kuagiza rundo hilo lichomwe hafanyi hivyo kwa ubaya. Anataka chumba kiwe safi. Anachoombwa ni kulifungua kwanza, na karatasi yoyote yenye mchoro wa jengo aipeleke kwenye nyaraka za Taifa, iwe Dar es Salaam, iwe Kilimani mjini Unguja.

Na mwalimu asingoje mtaalamu. Wanafunzi wa sekondari wenye futikamba ya mita 30, timazi ya kamba na jiwe, na daftari lenye miraba, waweza kuipima shule yao wenyewe ikiwa ni ya zamani, au msikiti, au kanisa, au soko la mji wao, kwa ruhusa ya wenyewe. Vipimo vyao vitakuwa na makosa. Mwalimu awapeleke mara ya pili, kundi jingine lipime ukuta ule ule, na tofauti ijadiliwe darasani. Wamtafute fundi mzee wawaulize chokaa ilichomwa wapi na boriti zilitoka wapi. Waandike majina yao chini ya mchoro na tarehe waliyopima. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili iende kwa afisa utamaduni wa wilaya, ya tatu iende kwenye nyaraka, kwa kuwa nakala moja huliwa na mchwa. Na darasa litakalofuata lipewe mchoro ule ule, kabla na baada ya masika, likatazame kama alama za kalamu kwenye ncha za ufa bado ziko mahali pake.